Kutoka Makumbusho hadi Makurunge

Magari ya Bagamoyo hupakia Makumbusho, pale Kijitonyama. Kituo kimechukua jina la Kijiji cha Makumbusho, ua mkubwa ulio jirani ambamo zimejengwa nyumba za asili za makabila ya Tanzania: tembe ya Kigogo, msonge wa Kihaya, nyumba ya Kizaramo ya udongo na makuti. Ua huo ulianzishwa miaka ya 1960, miaka ile ile Serikali ilipokuwa ikiwaza namna ya kuwatoa wakulima katika nyumba za aina hiyo hiyo, zilizotawanyika mashambani, na kuwapanga kwa mistari kando ya barabara. Nyumba zilitangulia kuingia makumbusho, wenyewe wakafuatwa na amri baadaye. Watalii hawaelezwi habari hiyo, na sidhani kama ni kazi ya mpiga ngoma anayewapokea getini.

Mkobani nilikuwa na kijitabu cha Mwalimu Nyerere, *Ujamaa Vijijini*, cha Septemba 1967. Nadharia yake haina maneno magumu. Mwaka 1962 alikuwa amekwisha kuandika kwamba ujamaa wa Mwafrika hauhitaji kuzaliwa na vita vya matabaka kama walivyofundisha wafuasi wa Marx; chimbuko lake ni ukoo, mahali ambapo kila mtu alifanya kazi na kila mtu alikuwa na haki ya kutumia ardhi. Kijitabu cha 1967 kilieleza namna ya kuufikisha ukoo huo kwenye ukubwa wa taifa: wakulima wajikusanye kwa hiari, walime shamba la pamoja pole pole, wachague viongozi wao, wajiamulie mambo yao. Niliondoka Dar es Salaam nikitaka kuona neno hilo la mwisho, kujiamulia, limeacha nini katika pwani hii ambako kila baada ya miaka michache hufika mtu mwenye ramani na mpango mpya wa ardhi ya wengine.

Nilipata kiti cha dirishani upande wa bahari, ingawa kutoka barabarani bahari huioni. Kuanzia Mbezi Beach hadi Mbweni imefichwa na nyumba za ghorofa na kuta zenye nyaya za umeme. Ukipita hapa ukiwa umesoma Azimio la Arusha huwezi kuacha kutabasamu. Azimio la 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Hilo la nyumba ndilo lililouma zaidi, kwa kuwa mtumishi mwenye mkopo wa nyumba alikuwa amekwisha kuonja utamu wake. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar chini ya Mzee Mwinyi na kuyafungua masharti hayo. Wakubwa wengi walikuwa wamekwisha kuyapita kwa mlango wa nyuma, kwa majina ya wake na shemeji, kwa hiyo mtu anaweza kusema Azimio la Zanzibar lilikuwa la kweli kuliko lile la Arusha. Mimi sisemi hivyo. Sheria inayovunjwa kwa aibu si sawa na ruhusa.

Tegeta tulisimama kwenye foleni ndefu. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza kuzalisha mwaka 1966, na mwaka uliofuata kikawa miongoni mwa viwanda ambavyo Serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa zake. Siku hizo zilikuwa siku za kukata mirija na kufukuza kupe. Mwaka 1998 kikauzwa kwa wawekezaji wa Ulaya. Saruji yake, kabla na baada, ndiyo iliyopandisha hizo kuta zinazoificha bahari.

Nilishuka Kerege. Wanaopita kwa kasi kwenda kula pweza Bagamoyo hawajui kwamba hapa palikuwa na jaribio la kwanza kwanza la nchi huru la kumtengeneza mkulima mpya. Baada ya uhuru, kwa ushauri wa wataalamu wa Benki ya Dunia waliotoa ripoti yao mwaka 1961, Serikali ilianzisha makazi ya mfano: watu wahamishiwe mahali papya, wapewe nyumba, matrekta, bwana shamba na meneja. Upper Kitete kaskazini walilima ngano, Kerege walipewa korosho. Makisio yalikuwa pauni 150,000 kwa kila kijiji cha familia 250, yaani pauni 600 kwa familia moja, fedha ambazo mkulima wa Pwani hakuwahi kuzishika wala kuziota. Aprili 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba mpango huo hautaendelezwa. Ulikuwa umekula mtaji mwingi, na wakazi wake walijiona waajiriwa wa Serikali wanaosubiri kulipwa.

Leo Kerege ni soko la viwanja. Madalali hukaa chini ya mwembe na pikipiki zao, na kabla hujafuta vumbi usoni umekwisha kuulizwa kama unatafuta ishirini kwa ishirini au nusu eka. Mikorosho mikongwe imebaki hapa na pale, mingine ikiwa alama ya mpaka tu. Kwenye baraza ya nyumba moja nilimkuta mzee akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kiwanja?"

Nilipomwambia sitafuti kiwanja bali habari za zamani, alisogeza kigoda. Enzi za meneja alikuwa mtoto, anakumbuka matrekta kuliko watu. "Wakiitwa wenyeji wa mradi, lakini palipo na meneja wewe ni kibarua," alisema. "Akiondoka meneja, nani anajua trekta linawekwa mafuta gani?"

Anayoyakumbuka vizuri ni ya 1974. Novemba 1973 Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na Taifa zima liwe limehamia ifikapo mwisho wa 1976. Familia ya mzee huyu ilikuwa inakaa bondeni, mbali na barabara, katikati ya mikorosho ya babu yake. Walikuja mgambo na lori. Nyumba iliezuliwa ili wasirudi. Nilimuuliza kama walipigwa. Akasema hapana, hapa hawakupigwa, lakini mama yake alilia kwa ajili ya mbuyu. Chini yake ndiko walikozikwa watu wao.

"Wakatuambia, mikorosho yenu haihami, mtaifuata. Sasa mwanangu, mkorosho maili nne, utaamka saa ngapi ukapalilie? Nguruwe wakala, moto ukapita. Baadaye ukaja ugonjwa wa ubwiriunga ukamaliza."

Anachokisema mzee barazani kimo pia katika hesabu za taifa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Wachumi hugombana kuhusu mgawo wa lawama: bei duni ya bodi, ugonjwa, au kuhama. Kwa mzee hakuna mgogoro. Kila kimoja kilipata nafasi kwa sababu ya kile kilichotangulia.

Kwa hesabu za Serikali, kufikia 1977 watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wakiishi katika vijiji zaidi ya 7,000. Hadi wakati huo hakuna nchi nyingine huru ya Afrika iliyokuwa imehamisha watu wengi hivyo kwa muda mfupi hivyo, na hiyo si sifa. Mwaka 1968 Mwalimu mwenyewe alikuwa ameeleza kwa ufasaha kwamba binadamu haendelezwi na mtu mwingine, hujiendeleza. Miaka mitano baadaye mkuu wa wilaya alikuwa anashindana na mwenzake nani atamaliza kuhamisha kwanza. Wengi husema tatizo lilikuwa watendaji, kwamba nadharia ilikuwa safi ila wakubwa wa wilaya waliiharibu. Siikubali hoja hiyo, na sababu yangu iko Ruvuma. Kule Litowa na vijiji jirani wakulima walikuwa wamejikusanya wenyewe tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, wakalima pamoja, wakawa na shule yao na viongozi waliowachagua wenyewe. Walikuwa hiyo hiyo nadharia ikitembea kwa miguu. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku chama chao cha maendeleo na mali zao zikachukuliwa. Hao hawakuharibiwa na watendaji wa chini. Chama kilichotaka watu wajiamulie hakikuweza kuvumilia watu waliojiamulia bila kukiuliza.

Nilimuuliza mzee, kabla sijaondoka, kama Ujamaa ulimpa chochote. Akaweka tezo chini. Shule, akasema, na kujua kusoma kwa mama yake, aliyejifunza utu uzimani katika kisomo cha watu wazima. Kisima, ingawa pampu ilikufa. Halafu akaongeza kitu ambacho sikukitarajia: "Na kikao. Zamani neno la ardhi lilikuwa la jumbe na wazee wake watatu. Sasa hata kijana wa juzi anasimama anauliza muhtasari uko wapi."

Bagamoyo mjini sitakaa sana, wameiandika wengi. Ngome Kongwe, Caravanserai, Boma la Mjerumani la 1897 lililobaki gofu kwa muda mrefu. Mji huu ulikuwa makao ya utawala wa Wajerumani hadi 1891, walipohamia Dar es Salaam penye bandari yenye kina. Lakini nilitembea kwenye njia ya miembe hadi Misheni kwa sababu moja. Mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, walianza hapa mwaka 1868, wakakomboa watumwa na kuwaweka katika kijiji chao cha uhuru: nyumba kwa mstari, mashamba, minazi, kengele ya kazi na kengele ya sala, na ruhusa ya padre kwa mambo mengi ya maisha. Watu walikuwa huru dhidi ya minyororo, si dhidi ya ratiba. Nilipoiangalia picha ya zamani ya kijiji kile ukutani nilijikuta nikitafuta meneja.

Historia ya kisiasa ya mji huu ina ukurasa mwingine usio na bango kubwa la watalii. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilikuwa na kambi na baadaye shule ya sekondari hapa Bagamoyo, ambako vijana wa Msumbiji walifundishwa hesabu na siasa wakati kaka zao wakipigana ng'ambo ya Ruvuma. Siasa ya nje ya Mwalimu ndiyo sehemu ya ujamaa wake ambayo hata maadui zake huivulia kofia. Labda ilifanikiwa kwa sababu Wamsumbiji hawakuambiwa waishi vipi. Walipewa ardhi, wakaachwa wafanye yao.

Kutoka mjini nilikwenda Mlingotini kwa bodaboda, tukipita njia ya Mbegani ambako kuna chuo cha uvuvi kilichojengwa kwa msaada wa Wanorwe. Maji yalikuwa yamekupwa. Wanawake walikuwa wametanda kwenye wangwa wakifunga mwani kwenye kamba, viuno vimekunjwa, wakizungumza kwa sauti za kusikika ng'ambo. Hapa ndipo ilipotakiwa kuwa bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Mkataba wa awali na kampuni ya China Merchants ulisainiwa Machi 2013, Rais Xi Jinping alipokuja. Oman nayo ikaingia. Ikazungumzwa mabilioni kumi ya dola. Oktoba 2015 Rais Kikwete, mtoto wa Msoga katika wilaya hii hii, akaweka jiwe la msingi. Kisha Rais Magufuli akausimamisha mradi, na mwaka 2019 akasema hadharani kwamba masharti yake, pamoja na kukodisha ardhi kwa miaka 99, ni ya kukubaliwa na mwendawazimu tu. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yanafufuliwa.

"Mama, kwa hiyo mradi ulikufa au haukufa?" nilimuuliza mmoja wao alipopanda kupumzika.

"Mradi haufi baba. Unalala."

Alinieleza maisha ya mtu aliyekwisha kufanyiwa tathmini. Mnazi umehesabiwa, nyumba imepigwa namba kwa rangi nyekundu, na ukijenga chumba kipya hakimo kwenye daftari. Wako waliolipwa fidia wakahama, wako waliolipwa wakabaki, wako wanaosema walipunjwa. Kwake bandari si mbaya; mwanawe ana cheti cha udereva wa mitambo na hana mtambo. Kinachomkera ni kwamba kila awamu huja na watu wapya wanaouliza majina yale yale. Nikamuuliza kama kijiji kilipiga kura. Akacheka hadi wenzake wakageuka. "Tuliitwa tukasikilizwa. Kusikilizwa si kukubali, lakini kwenye karatasi vinafanana."

Nilimwelewa zaidi baadaye, nilipokuwa njiani kwenda Makurunge. Ukivuka Ruvu kwa barabara ya Msata unaingia nchi tambarare ya vichaka na mikoche. Huko kaskazini, kuelekea Wami na Saadani, kulikuwa na RAZABA, Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipewa eneo kubwa bara ili ifuge ng'ombe wa kulisha Visiwa. Ujamaa wa dola kwa dola, tuseme. Kufikia miaka ya 1990 ranchi ilikuwa imekufa, wafanyakazi wake wa zamani, wakulima, wachoma mkaa na wafugaji wakaingia na kuishi. Wakaja Waswidi wa EcoEnergy na mpango wa miwa ya sukari kwenye zaidi ya hekta 20,000, wakapata hati mwaka 2013. Serikali ingepata hisa kwa kutoa ardhi, wazo ambalo lilisifiwa sana kama namna ya kisasa ya umma kumiliki. Sweden ikajitoa kwenye dhamana ya mkopo mwaka 2015, hati ikafutwa, kesi ikaenda kwenye mahakama ya usuluhishi ya Benki ya Dunia, na mwaka 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 160. Sehemu ya ardhi ikaenda kwa kampuni ya Bakhresa, na miwa niliyoiona imesimama kijani kibichi, na kiwanda chake, ni vya mzalendo huyo.

Ng'ombe wa Serikali, miwa ya Waswidi, miwa ya mzawa. Nadharia tatu za uchumi kwenye udongo mmoja, na hakuna hata moja iliyoanza kwa kumuuliza aliyekuwa amelala hapo. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema kosa letu lilikuwa ujamaa na dawa ni soko, wala na wanaosema kosa lilikuwa kuuacha. Kinachotofautisha Ujamaa na hao wengine ni kwamba uliacha chombo. Sheria ya Vijiji ya 1975 ilitungwa kuhalalisha mambo yaliyokwisha kutendwa kwa malori, lakini ilikifanya kijiji kuwa mtu mbele ya sheria: kiandikishwe, kiwe na halmashauri yake na mkutano mkuu wa wote wenye miaka 18 na zaidi. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 ikakibeba, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 ikakikabidhi ardhi. Katika sheria hiyo, ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhamishwa, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri ndiye mwenye neno, baada ya kupata mapendekezo ya mkutano. Shamba la pamoja limekufa, duka la ushirika limekufa. Kikao kipo.

Nilikishuhudia kimoja, katika kijiji cha njia ya Msata ambacho sitakitaja kwa sababu shauri lao halijaisha. Watu walikaa chini ya mkwaju, wanawake upande mmoja juu ya kanga, vijana wameegemea pikipiki. Mwekezaji alikuwa ameomba hekta 240. Mtu wake, kijana nadhifu mwenye faili, alikaa kwenye kiti pekee cha plastiki karibu na meza ya mwenyekiti.

Mtendaji alisimama kusoma muhtasari wa mkutano uliopita. Kabla hajamaliza ajenda ya kwanza bibi mmoja akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, hekta 240 kwa nini si 300?"

Watu wakacheka. Kijana mwenye faili hakucheka.

"Ajibiwe baadaye, kwenye mengineyo," alisema mwenyekiti.

"Basi kabla ya mengineyo," akasema bibi, "hesabu watu. Mapato na matumizi hayajasomwa tangu mwaka jana, na leo tunagawa ardhi. Akidi imetimia?"

Mwenyekiti akasema imetimia. Vijana wa pikipiki wakaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, wakizunguka mkwaju. Mtendaji naye akahesabu, akapata idadi nyingine, wakarudia. Kwa mara hiyo hesabu zililingana, na watu walikuwa pungufu. Mkutano ukaahirishwa hadi Jumamosi. Kijana akafunga faili lake, akauliza kama Jumamosi ni asubuhi au jioni, na bibi, aliyekuwa amekwisha kujitwisha ndoo yake, akamjibu kwamba tangazo litabandikwa ofisini kama sheria inavyotaka, aje alisome.